Sindano Nyuma ya Sifuri

Saa ya Muzee Cirimwami haikuwa na sababu ya kumchukia mtu. Ndiyo maana Kanyere, alipoisikia ikisomwa, alikosa pa kujificha.

"Vingt-huit, cinquante-cinq," Muzee alisema. Alikuwa amesimama juu kabisa ya mlima, miguu yake ndani ya vumbi jeusi la lava, daftari kwapani. "Dakika ishirini na nane, sekunde hamsini na tano. Kabla ya hizi Jumamosi mbili ulikuwa na vingt-huit dix, ishirini na nane na sekunde kumi. Mutoto, hizi sekunde zingine unaziacha wapi?"

Kanyere alikuwa msichana wa kujibu moyoni. Alishuka kwenye baiskeli, akaegemea usukani, akatazama chini barabarani, kule Kanyaruchinya, ambako nguo za watu zilianikwa juu ya mawe. Alijua kila mita ya mlima ule. Alijua pale unapokaa chini na pale unaposimama juu ya kanyagio. Hakuwa ameacha kitu.

Hatua chache kando, Nshobole alikuwa amekaa juu ya jiwe akinywa maji polepole. Alifika na dakika ishirini na nane na sekunde arobaini, kama Jumamosi iliyopita, kama ile nyingine. Saa ya Nshobole haikupanda wala haikushuka. Alimtazama Kanyere, akatabasamu, akasema, "Pole, dada."

Ile pole Kanyere aliibeba mpaka nyumbani.

Klabu yao ya Mapendo, pale Goma, ilikuwa na wavulana sita na wasichana wawili, wote juu ya baiskeli za chuma zilizonunuliwa kuukuu. Mwezi ujao kulikuwa na mashindano ya milima Bukavu. Wavulana wangekwenda watatu. Msichana angekwenda mmoja. Muzee Cirimwami, mwalimu wao, alisema angeamua Jumamosi inayokuja, kwa saa, si kwa sura wala kwa kabila, na jina lingeandikwa kwa kalamu, si kwa penseli. Kanyere hakuwahi kupanda meli ya kuvuka ziwa kwenda kule. Hakuwahi kwenda mahali popote ambako watu wangemwita kwa kazi aliyofanya mwenyewe. Shule aliiacha darasa la tano. Mlima ndio kitu pekee alichokuwa amekimaliza.

Na sasa mlima ulikuwa unamkataa, tangu wiki ile aliyomwazima Nshobole baiskeli.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Gurudumu la Nshobole lilipinda kwenye shimo karibu na Majengo. Alikuja kwa Kanyere na uso wa huruma, akasema, "Niachie yako siku nne tu, nisikose mazoezi." Kanyere akampa, kwa sababu kukataa kunataka maneno mengi kuliko kukubali. Siku ya tano baiskeli ikarudi, imefutwa vumbi, mnyororo umepakwa mafuta. Wakati ule aliona ni adabu. Sasa alijiuliza: mtu anayerudisha kitu kisafi hivyo anafuta nini?

Kwanza, hata hivyo, alijishuku mwenyewe. Labda mwili ulikuwa umechoka. Labda alikuwa mgonjwa na hajui.

Nyumbani hakuna aliyemsaidia kufikiri tofauti. Mama yake aliuza maharage mbele ya nyumba, maharage yaliyotoka Butembo kwa ndugu zao, na juu ya mlango ilining'inia mizani yenye uso wa duara kama saa ya kanisani, ndoano chini, sindano nyekundu katikati. Mtaa wote uliijua mizani ile. Watu waliopimiwa nyama au sukari mahali pengine walikuja kuuliza kwa Mama Kanyere kama wameibiwa. Naye aliwapimia bure, mikono nyuma, ili waone kwamba hagusi.

Jumapili, baada ya misa, Mama Mukabalisa wa nyumba ya pili alikuja kununua. Alimtazama Kanyere kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama mtu anayechagua kuku.

"Huyu binti yako, Mama Kanyere, munamulisha?"

"Anakula," Mama alisema, macho yake kwenye maharage.

"Anakula wapi? Angalia ile mikono. Miye sisemi kitu. Lakini watu bako na midomo."

"Watu gani?"

"Watu," alisema Mama Mukabalisa, akafunga mfuko wake. "Banauliza kama ameshapima damu."

Mchana ule sahani ya Kanyere ilikuwa na kilima cha ugali, na maharage juu yake, na samaki wawili badala ya mmoja. Mama alikaa mbele yake mpaka akala nusu.

"Mama, nimeshiba. Muzee anasema kwenye mlima kila kilo—"

"Muzee Cirimwami hakukuzaa," Mama alisema. "Bénita pia alisema ameshiba."

Bénita alikuwa mdogo wake Mama. Alikonda mwaka mmoja, kidogo kidogo, akisema hana kitu, na mwaka wa pili wakamzika. Kanyere alikuwa mdogo. Alikumbuka tu kanga iliyozunguka kiuno cha mama yake mdogo mara tatu. Jina lile likitajwa, mazungumzo yaliisha.

Jumatatu alikwenda kwenye duka la dawa, akapanda mizani ya kupimia watu. Kilo hamsini. Mwezi uliopita ilikuwa hamsini na moja. Basi hakuwa amenenepa. Na kama si mzigo ulioongezeka, ni nguvu iliyopungua. Alitoka pale na moyo mzito. Akaona Mama Mukabalisa labda anasema kweli.

Jumanne ndiyo iliyogeuza mambo.

Jumanne walikwenda barabara ya Mugunga, ambako njia imelala chini, na Florent alikuwa mbele kama kawaida. Florent alikuwa kijana mkubwa, kilo tisini, mapaja kama magogo. Kwenye tambarare hakuna aliyemfuata. Kwenye mlima hakuna aliyemsubiri. Zamani Muzee Cirimwami alimfanya kuwa somo. Alimfungia bidoni ya maji ya lita tano nyuma ya kiti, akamtuma Mugunga: alipoteza sekunde chache tu. Akamtuma mlimani na bidoni ileile: alipoteza dakika moja na nusu, akafika akimtukana bidoni kama mtu.

"Mumeona?" Muzee aliwaambia siku ile. Alikuwa karani zamani, na alipenda kugawanya. "Kwenye tambarare unapigana na upepo. Upepo hauulizi kilo zako. Kwenye mlima unajibeba mwenyewe, kila mita unajiinua. Nguvu ni injini, kilo ni mzigo. Florent ana injini ya kamio, ya lori, lakini anabeba kamio. Kanyere ana injini ya moto, ya pikipiki, lakini anabeba kuku. Gawanya nguvu kwa kilo, njo utajua nani anafika wa kwanza."

"Mimi kamio, basi nipakieni chakula," Florent alijibu, na wote walicheka.

Jumanne hiyo Kanyere alijificha upepo nyuma ya Florent mpaka Mugunga, kisha akatoka, akaenda peke yake, na Muzee akasoma saa. Ilikuwa ileile ya mwezi uliopita. Hakuwa amepoteza hata sekunde mbili.

Alisimama kando ya barabara, kifua kikipanda na kushuka, na wazo likamjia taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa woga. Kama nguvu ingepungua, ingepungua na hapa. Haikupungua. Injini ni ileile. Basi ni mzigo. Na mwili wake ulikuwa umepungua kilo moja, haukuongezeka.

Mzigo ulikuwa ndani ya baiskeli.

Aliiinua kwa mkono mmoja. Ilikuwa nzito, au ilikuwa ileile. Mkono hauna sindano. Alitazama huku na huku. Nshobole alikuwa anamtazama.

Kanyere aliwangoja wengine waondoke. Kisha alimsogelea Muzee Cirimwami, akasema maneno ambayo hakuwahi kusema juu ya mtu, na aliyasema kwa sauti ndogo hivi kwamba Muzee aliinama.

"Kuna mutu ameweka kitu ndani ya kinga, hii baiskeli yangu. Nilimwazima Nshobole."

Muzee alivua miwani. "Umekiona?"

"Hapana. Lakini Mugunga niko vile vile, na mlimani napoteza sekunde. Weye ulisema."

Muzee alifuta miwani kwa shati. Lilikuwa somo lake mwenyewe lililorudi kumwamsha. "Uipime kwenye mizani ya mama yako," alisema mwishoni. "Kinga yako ilikuwa douze, kilo kumi na mbili, nimeandika. Mpaka uipime, Nshobole hapandi Jumamosi."

Nshobole aliitwa hapohapo. Aliposikia, hakupiga kelele. Alimtazama Kanyere muda mrefu.

"Miye? Miye niliyekupakia mafuta kwenye mnyororo?"

Kanyere alitazama chini.

"Sema, basi. Ulikuwa na mdomo wa kusema nyuma yangu, uwe nao na mbele yangu. Niliweka nini? Niliweka wapi?"

Kanyere alitazama mawe.

"Bukavu ni kwetu," Nshobole alisema, na sauti yake ikaanza kuvunjika. "Bibi yangu iko kule, anaona kwa jicho moja. Nilitaka anione napita. Lakini si kwa kuiba, we mutoto wa maharage. Si kwa kuiba." Akapanda baiskeli yake, akaondoka bila kumuaga Muzee.

Jioni ile Kanyere aliingiza baiskeli ndani, akamkuta Mama akipepeta.

"Mama, unipimie kinga."

Ungo ulisimama. "Juu ya nini?"

"Muzee anataka kujua kilo."

"Sasa hivi giza linaingia. Kesho," Mama alisema, na ungo ukaendelea.

Asubuhi Mama mwenyewe alimwita. Aliinyanyua baiskeli, akaitundika kwenye ndoano, akaweka mikono nyuma. Sindano ilicheza, ikatulia. Kumi na mbili kamili.

"Douze," Mama alisema. "Umeona? Kinga haina kitu. Ni weye. Mwili unakuambia uache, na weye hausikii."

Hakuna kitu! Basi Kanyere alikuwa amemchafua mtu bure, mbele ya mwalimu, kwa sauti ndogo ya unafiki. Alipaswa kwenda kwa Muzee saa ileile na kusema: ni douze, Nshobole hana kosa. Alitia miguu kwenye kandambili. Alivua. Angesemaje? Na kama angesema, Nshobole angepanda Jumamosi, na angemshinda.

Hakwenda Jumatano. Hakwenda Alhamisi. Alijiambia kwamba bado kuna kitu ambacho hajakielewa, na hilo lilikuwa uongo na kweli pamoja. Kulikuwa na kitu. Mama alipoishusha baiskeli, sindano ilirudi haraka, na kwa nukta moja, kabla Mama hajatundika mfuko juu yake, Kanyere aliona haikusimama pale ilipokuwa ikisimama siku zote. Au aliona vibaya. Tangu hapo hakuiona tena mizani ile ikiwa tupu. Kila alipopita, kulikuwa na mfuko umening'inia, hata kama hapakuwa na mnunuzi.

Na jambo lingine: wanunuzi waliongezeka. Alhamisi walipanga mstari. Watu wa mtaa wa chini, watu asiowajua. Mama aliwapimia mikono nyuma, uso wake umekaza kama mtu anayeng'olewa jino. Jioni magunia mawili yalikuwa yameisha, na Mama hakuonekana kufurahi.

Ijumaa asubuhi Mama alikwenda kwenye mkutano wa akina mama wa parokia, akamwachia Kanyere biashara. "Usiuze kwa kilo," alisema akiwa mlangoni. "Uuze kwa kopo. Mizani uiache." Akaenda hatua tano, akarudi. "Unasikia? Uiache."

Hakuwa amefika kona wakati Mama Mukabalisa alipotokea na ndoo.

"Mama yako haiko? Afadhali. Nikuulize weye, weye hauna maneno mengi." Aliweka ndoo chini, akashusha sauti. "Hapa munafanya nini na maharage?"

"Nini, mama?"

"Jana nilinunua kilo kumi. Ndoo yangu hii naijua, miaka mingapi? Kilo kumi za mama yako zinafika hapa." Alionyesha alama ya msumari. "Jana zilijaa mpaka zikamwagika. Dada yangu naye vile vile. Sasa miye nimezaliwa hapa Goma, sijawahi kuona muuzaji anakosea kwa faida yangu. Munaondoa nuksi? Au maharage iko na ugonjwa munataka iishe haraka?"

"Sijui, mama."

"Haujui." Mama Mukabalisa alimtazama kwa jicho la pembeni. "Haya. Nitakuja mama yako akirudi. Kama ni ugonjwa, nishakula."

Kanyere alibaki peke yake na mizani. Mfuko wa maharage ulining'inia chini yake, ukizunguka polepole. Aliushika kwa mikono miwili, akautoa kwenye ndoano.

Sindano ilirudi, ikapita sifuri, ikalala nyuma yake. Mistari miwili nyuma.

Aliitazama kama mtu anavyomtazama ndugu aliyemkuta mahali pabaya. Kisha alifanya kama Mama alivyokuwa akiwafanyia wengine. Kulikuwa na gunia la mchele la kilo ishirini na tano, limeshonwa kiwandani, halijafunguliwa. Alilitundika. Ishirini na tatu. Alilishusha, akaitundika baiskeli. Kumi na mbili, kama juzi.

Kumi na mbili, na mbili zilizofichwa. Kumi na nne.

Hakuhitaji kugawanya. Alichukua ufunguo namba treize, ule wa kumi na tatu, akalegeza nati chini ya kiti, akavuta. Kiti kilitoka na bomba lake. Alichungulia ndani ya bomba la fremu, akaona kitambaa. Alikivuta kwa waya. Kilikuwa kipande cha kanga, na alikijua. Kilikatwa kwenye kanga ya kale ambayo Mama hakuivaa na hakuitupa. Aligeuza baiskeli kichwa chini, akaitikisa. Vilianza kutoka kimoja kimoja, vikigonga saruji: vibonge vya risasi, si vya bunduki, vile vya kijivu ambavyo wavuvi wanafunga chini ya nyavu ili zizame. Mama alifahamiana na wake za wavuvi pale Kituku. Walibadilishana naye samaki kwa maharage.

Alikuwa bado amepiga magoti katikati ya vibonge vile wakati kivuli kilipoingia mlangoni. Mama hakukaa mkutanoni hata nusu saa.

Mama aliweka mkoba. Alitazama sindano nyuma ya sifuri, gunia la mchele lililohamishwa, kitambaa.

"Nilikuambia uiache," alisema.

"Nilisema ni Nshobole," Kanyere alisema. "Mama, nilimusema Nshobole. Mbele ya Muzee. Alilia."

Mama alikaa juu ya gunia. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye mabega ya kubeba, na alipokaa alionekana mfupi ghafla.

"Miye sikujua utamusema mutu. Nilijua utachoka tu. Utaona hauwezi, utaacha, utakula. Ni hivyo tu nilitaka."

"Uliniwekea kilo mbili!"

"Weye ulizitoa tisa!" Mama alipaza sauti, na Kanyere akashtuka, kwani Mama hakuwa mtu wa kelele. "Mwaka mmoja, tisa. Unafikiri sijui? Mutu anayepima kila siku hawezi kujua kilo za mutoto wake kwa macho? Nilimuona Bénita zikimutoka hivyo. Moja. Moja. Kila siku anasema niko muzima. Nilimuamini. Basi nikaona, kama hautaki zirudi kwenye mwili, nitazirudisha kwenye kinga."

"Na mizani?"

"Ulisema nikupimie. Ningefanya nini? Usiku nikageuza parafujo, juu pale."

"Na watu? Mama, umewapa watu kilo mbili mbili. Tangu Jumatano!"

"Ulikuwa unazunguka hapa," Mama alisema taratibu. "Kila nikitaka kuirudisha, uko. Nikaogopa utapima tena. Nikasema mpaka Jumamosi. Baende nazo." Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Ile maharage ilikuwa inaniuma. Usifikiri haikuniuma."

Kanyere aliviokota vibonge, akavitia kwenye mfuko mdogo wa plastiki, akafunga kifundo. Vilikuwa vingi kuliko alivyofikiri, na vidogo kuliko maumivu yaliyotoka kwavyo. Alijua angeweza kuvitupa kwenye shimo la mawe nyuma ya nyumba, akafunga kiti chake, na kesho akapanda mlima mwepesi, peke yake, bila Nshobole. Muzee angesoma saa. Jina lingeandikwa kwa kalamu.

Mama alikuwa anamtazama, na ilikuwa wazi kwamba naye anafikiri hivyo hivyo. "Ukisema," Mama alisema, "watauliza na mizani."

"Najua."

Usiku ule kila mmoja alilala na lake.

Jumamosi, chini ya mlima, klabu yote ilikuwepo. Nshobole alikuja pia, na baiskeli yake, ingawa hakuwa na ruhusa ya kupanda. Alisimama mbali, mikono imekunjwa. Muzee Cirimwami alimuuliza Kanyere, "Ulipima?"

Kanyere aliufungua mfuko, akaumwaga juu ya daftari la Muzee. Vibonge vilibingirika, Florent alikiokota kimoja, akakitia kwenye kiganja.

"Kilo mbili," Kanyere alisema. Sauti haikutoka. Alianza upya, na safari hii ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Kilo mbili. Zilikuwa ndani ya bomba la kiti. Nshobole hakuziweka. Aliziweka mama yangu. Hataki niende. Na mizani yetu ya nyumbani aliigeuza nisijue. Nilijua hivyo jana. Lakini Jumatano mizani ilikuwa imesema douze, na sikuja kusema, sababu nilitaka Nshobole asipande."

Florent akasema, "Basi yule mama afungue klabu, anajua mlima kuliko sisi," na wengine wakacheka kidogo, wakakoma.

Nshobole alikuja mpaka mbele. Alitazama vibonge, hakumtazama Kanyere.

"Miye siamini," alisema. "Leo ni mama yake. Kesho nikimushinda, itakuwa miye tena. Nataka tubadilishane. Yeye apande na yangu, miye nipande na yake. Kama yake bado ina kitu, nitakihisi kwenye miguu. Kama yangu ina kitu, atakihisi yeye."

Muzee alikuna kidevu. "Yako sijawahi kuiandika kilo tangu uichomelee."

"Si mutapima kule juu."

Kanyere alikubali kwa kichwa. Walirekebisha viti, wakabadilishana, wakaondoka pamoja.

Mpaka kona ya kwanza Kanyere alikuwa ameshajua. Baiskeli ya Nshobole ilikuwa nzito. Si nzito ya kufichwa. Nzito ya wazi, yenye chuma kilichochomelewa mahali pawili, na gurudumu la nyuma lililonyooshwa kwa nyundo. Kila alipokanyaga, kitu kilibaki nyuma yake kikimvuta kiunoni. Ilikuwa Jumamosi ya tatu anapanda na mzigo, ila safari hii alimjua mwenye mzigo. Huu ndio aliokuwa akiupandisha Nshobole kila wiki, akifika na sekunde zilezile, hapandi hashuki, na kusema pole dada.

Mbele yake Nshobole alisimama juu ya kanyagio za baiskeli nyepesi, akaanza kwenda. Kanyere alimfuata kwa kila alichokuwa nacho. Walipita Kanyaruchinya, wanawake wenye bidoni wakipiga vigelegele bila kujua wanamshangilia nani. Nafasi ilikua. Alikaza meno. Nafasi ilikua tena.

Juu, Muzee, aliyetangulia kwa pikipiki, alisoma saa: Nshobole alikuwa amemtangulia kwa sekunde arobaini na tatu. Kisha Muzee akatoa mizani aliyoiazima, akazipima baiskeli zote mbili mbele ya wote. Ya Kanyere, douze. Ya Nshobole, treize.

"Kilo moja kwenye huu mlima, kwa hawa mabinti, ni kama sekunde vingt-cinq, ishirini na tano," Muzee alisema, akiandika. "Tuondoe ile." Alipiga hesabu pembeni ya daftari. "Bado zinabaki dix-huit, kumi na nane." Akatoa kalamu.

Kanyere hakuhitaji kutazama jina lililoandikwa. Alikwenda kwa Nshobole, akamrudishia baiskeli yake.

"Uende na yangu Bukavu," alisema. "Ni nyepesi."

Nshobole alimtazama kwa mara ya kwanza siku ile. "Nitaipima kwanza," alisema. Hakutabasamu, lakini aliichukua.

Kanyere alirudi nyumbani kwa miguu. Mbele ya nyumba Mama Mukabalisa alikuwa anaondoka na ndoo yake, imefika kwenye alama ya msumari, si zaidi, akinung'unika kwamba baraka imekwisha upesi.

Mizani ilikuwa tupu. Kanyere aliitazama kabla ya kumsalimu mama yake. Sindano ilisimama juu ya sifuri. Aliigusa ndoano kwa kidole, ikacheza, ikarudi mahali pake. Akagusa tena.

"Ni nzima," Mama alisema kutoka ndani. "Nimeirudisha mbele ya watu. Wameniuliza, nimesema." Akatoka, akatafuta baiskeli kwa macho. "Ulishindwa?"

"Nilishindwa. Anaenda Nshobole."

Kanyere alitegemea kuona furaha katika uso ule, na alikuwa tayari kuichukia. Haikuwapo. Mama alisimama akisugua mikono kwenye kitenge.

"Na kinga?"

"Nimemwazima. Ikirudi nitaendelea."

Mama alisogeza gunia chini ya mizani. "Panda hapa. Ushike ndoano. Mikono miwili, kama mutoto kwa daktari."

Kanyere alipanda, akashika ndoano, akainua miguu kutoka kwenye gunia. Chuma kililia juu ya mlango. Alining'inia hapo mchana kweupe, mtu mzima, watu wakipita, na Mama akaweka mikono nyuma, akaikaribia sindano mpaka pua ikakaribia kioo, akaingoja itulie.

"Cinquante, kilo hamsini," alisoma. Akasoma tena. "Kila Jumamosi, kabla ya mlima, utaning'inia hapa. Nitaangalia miye mwenyewe. Ikishuka chini ya cinquante, kinga inalala ndani."

"Na kama haishuki?"

"Shuka, mikono itakuuma," Mama alisema.

Kanyere alishuka, lakini macho yake yaliifuata sindano mpaka ikarudi.